Kipeperushi cha Wanafunzi: Msomaji Kwanza, Nembo Baadaye

Kamati za sharika hutuomba mara kwa mara msaada wa kuchapisha vipeperushi. Tumeona ni vema tueleze jinsi kikundi kimoja cha wanafunzi wa sekondari hapa Kilosa kilivyoandaa kipeperushi cha tahadhari ya mafuriko. Hatutaficha makosa yaliyofanyika, kwani mengine yalikuwa ya kwetu ofisini.

Kwa nini mafuriko? Wenyeji hawana haja ya kuelezwa. Mwishoni mwa Desemba 2009 hadi Januari 2010 Mto Mkondoa ulivunja tuta na kuingia mjini. Watu zaidi ya 20,000 waliathirika, wengi wakaishi kwenye mahema, na Reli ya Kati ikakatika. Wanafunzi wa leo wakati huo walikuwa wachanga au hawajazaliwa, kwa hiyo kazi yao ya kwanza ilikuwa kwenda kuwauliza wazee.

Hata hivyo, rasimu ya kwanza ilitushtua. Ukurasa wa mbele ulijaa nembo, salamu na picha ya kamati. Ndani kulikuwa na historia ya wilaya. Tahadhari yenyewe ilikuwa nyuma kabisa, kwa herufi ndogo. Nembo zote hizo ni sisi tuliowaambia waziweke.

Tena tahadhari hiyo ilikuwa na kasoro. Iliandikwa: mvua kubwa ikinyesha, hamia mahali pa juu. Mzee mmoja wa kanisa aliisoma, akauliza, "Na isiponyesha je?" Alikuwa na haki. Mkondoa hupokea maji ya Mto Kinyasungwe yanayotoka upande wa Dodoma na Mpwapwa. Mvua ikipiga huko, mto unaweza kufurika Kilosa wakati mbingu ya hapa ni nyeupe. Mtu anayesubiri mawingu juu ya paa lake angechelewa. Sentensi ile ilibadilishwa, ikawa: maji ya mto yakipanda au yakibadilika rangi ghafla, ondoka, hata kama jua linawaka.

Baada ya hapo kikundi kilirudi mwanzo na kujiuliza: nani atasoma, tunataka afanye nini, na atakuwa wapi akisoma? Walimchagua mama mwenye watoto anayeishi karibu na mto. Anatakiwa kujua dalili, njia ya kupita, mahali pa kwenda na namba ya kupiga, yaani 114 ya Zimamoto na Uokoaji na 112 ya Polisi, pamoja na simu ya mwenyekiti wa kitongoji. Yasiyomsaidia mama huyo yaliondolewa. Historia ya wilaya ikaenda, ingawa kijana aliyeiandika alinuna siku mbili.

Ndipo wakashika karatasi. A4 ikikunjwa mara mbili hutoa kurasa sita, na hapa wengi hupotea, kwa sababu kurasa hazifuatani kama za daftari. Dawa yake ni rahisi: kunja karatasi tupu, andika namba kwa penseli kwenye kila ukurasa, kisha ikunjue uone kila kitu kinaangukia wapi. Picha za kamera zikipita kwenye mashine ya fotokopi hugeuka doa jeusi, hivyo wanafunzi walichora ramani kwa mkono: mto, reli, kanisa, shule, na mshale mnene wa kuelekea juu.

Kabla ya kuchapisha walimpa nakala mtu asiyehusika, wakaisubiri aisome, wakaichukua, wakamwuliza angefanya nini. Wa kwanza aliuonyesha mshale kinyume. Ramani ilichorwa upya.

Wenzao wa Mikumi walikuwa na shida nyingine. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, inakatwa na barabara kuu ya Morogoro–Iringa kwa kilomita 50 hivi, na wanyama hugongwa. Wanafunzi walitaka kuwaandikia madereva insha nzima. Tuliwakumbusha lile bango la faini lililoko barabarani hifadhini: jina la mnyama na kiasi cha fedha, basi, na kila abiria hulisoma. Dereva aliye mwendoni hasomi kipeperushi. Ila dereva wa lori anayelala Mikumi hukaa kwa mama lishe akisubiri chakula, na hapo ana dakika kumi. Maandishi yakapunguzwa yatoshe dakika hizo.

Kuhusu nembo, wafadhili wetu wapendwa watuwie radhi: sasa zipo ukurasa wa mwisho, ndogo, kwa mstari mmoja.

Kamati za sharika zilizo kando ya Mkondoa zinaombwa kuhakiki simu za wenyeviti wa vitongoji na kuzileta ofisini kabla ya mvua za vuli. Namba mbili kati ya zilizoandikwa kwenye rasimu tulizipiga, hazipatikani.