Nguo ya Kanisani, Nguo ya Harusini

Likizo ikikaribia, hosteli nzima inageuka kuwa soko la nguo. Mmoja anatafuta pasi, mwingine anaazima gauni, na lazima atokee wa kuuliza: "Jamani, nimealikwa harusi huko mkoani, navaa nini?" Mwaka huu swali hilo nimeulizwa mara tatu, zote na wenzangu waliokulia Dar ambao hawajawahi kumaliza Jumapili moja kijijini. Nikaona heri niandike mara moja, kwa jinsi ninavyopajua kwetu Bonga.

Bonga ni kata ya Mji wa Babati, kusini kidogo ya mji wenyewe, kwenye barabara kuu ya kwenda Kondoa na Dodoma. Kwenye makaratasi ni mjini, ila ukishuka kwenye gari unachokiona ni mahindi, mbaazi na alizeti. Wenyeji ni Wagorowa, ambao wengi mmewasikia kwa jina la Wafyomi, tumechanganyika na Wairaqw, Warangi na wengine walioletwa na mashamba na barabara. Kwenye harusi moja unaweza kumkuta mzee aliyejitanda shuka, kijana wa suti iliyombana, na mama wa Kirangi aliyejifunga hijabu vizuri, na hakuna anayemshangaa mwenzake. Kwa hiyo ukisikia "vaa rasmi" usidhani kuna vazi moja tu.

Nianze na kanisani, maana ndiko rahisi. Mwanamke: gauni au sketi inayovuka magoti hata ukiwa umekaa, mabega yamefunikwa, na mtandio au kanga mkononi hata kama hukusudii kuitumia. Mwanaume: suruali ya kitambaa na shati lenye kola, limechomekewa. Koti la suti si lazima, na tai pia si lazima. Utawaona wazee wamevaa koti hata jua likiwaka, lakini ndiyo mazoea yao, hawakudai na wewe. Mwezi wa sita na wa saba kwetu ni baridi kweli, watu wanaingia na masweta na hakuna neno. Viatu ndivyo vinavyoangaliwa kuliko mnavyofikiri. Wanaotembea mbali hutoka nyumbani na kandambili, viatu vya kanisani vikiwa kwenye mfuko, wakikaribia wanafuta miguu na kubadilisha. Mvua zikinyesha hilo siyo pambo tena, ni lazima.

Suruali kwa wanawake inategemea dhehebu na inategemea nani yuko mlangoni siku hiyo. Makanisa mengi ya Kipentekoste hayataki kabisa. Ukialikwa kwa Wasabato, kumbuka ibada ni Jumamosi, na hereni na mikufu iache nyumbani. Kwa Wakatoliki na Walutheri utaona tofauti kati ya parokia na parokia, usharika na usharika. Baadhi wamebandika getini bango lenye picha za nguo zilizopigwa alama ya msalaba mwekundu: vipensi, vitopu, modo, mlegezo. Soma bango kabla hujaingia, siyo baada.

Mimi sikusoma. Nikiwa mwaka wa kwanza nilikwenda kusali kwenye kanisa moja, silitaji, nimevaa gauni ambalo chuoni hakuna aliyewahi kuligeukia. Nikisimama lilifika magotini. Mama wa mlangoni alinitazama, akavuta kanga kutoka kwenye kikapu (walikuwa nazo tayari, zimekunjwa kama za duka), akanifunga kiunoni mbele ya watu wote waliokuwa wanaingia. Sikusikia somo la kwanza wala la pili. Nilikuwa nahesabu waliogeuka.

Baadaye hasira zilipopoa nikaelewa kosa langu lilikuwa wapi. Nilikuwa nimejipima mbele ya kioo nikiwa nimesimama. Kanisani husimami tu: unakaa kwenye benchi, unapiga magoti, unainuka, unakwenda mbele kutoa sadaka huku watu mia wako nyuma yako. Nguo ijaribu hivyo hivyo chumbani kwako. Kaa, piga magoti, inama kama unayeokota sarafu. Kama mkono wako unakimbilia kuvuta pindo, hiyo siyo ya kwendea kanisani. Na kwenye harusi ndiyo zaidi, maana utacheza, na ukienda kumpa bibi harusi zawadi huenda ukapiga magoti mbele ya kamera. Ila namna mama yule alivyonifunga, hapo bado namdai. Kuna wengine mlangoni wanakupa kanga kimya kimya, kama mtu anayekupa mwavuli.

Dera nalo linaulizwa sana. Dera linafunika kila kitu, lakini kwetu linahesabika kama nguo ya nyumbani na ya msibani kwenye kazi za jikoni, halafu ni jepesi, juani linaonesha. Ukilivaa, weka shimizi ndani.

Wenzangu wa elimu, sisi tuna bahati. Nguo za TP zinatosha kanisani. Waraka wa Utumishi wa Umma kuhusu mavazi, ule tuliosomewa kabla ya kwenda kufundisha, unakataza karibu mambo yale yale ya bango la getini. Na wala siyo jambo jipya nchini. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ianze Januari 1969, dhidi ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Miaka hiyo hiyo, huku Mkoa wa Arusha, ambao ndio ulikuwa mkoa wetu mpaka Manyara ilipoanzishwa mwaka 2002, Wamasai walikuwa wanalazimishwa kuacha lubega wavae suruali. Msichana wa Dar aliambiwa nguo yake ni ya kizungu mno, Mmasai akaambiwa yake siyo ya kisasa. Inaonekana aliyekuwa sawa ni yule aliyekuwa anapanga.

Pesa ya nguo ya kanisani nayo siyo kubwa. Shati zuri, koti, sketi ya kitambaa, vyote unavipata mnadani kwenye mitumba ukiwahi belo linapofunguliwa. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana mitumba iondolewe taratibu ifikapo 2019. Lingetimia, nusu ya kwaya yetu ingebaki na joho tu.

Sasa harusi. Hapa ndipo wageni wanapokosea, kwa sababu harusi ni shughuli mbili ndani ya siku moja. Asubuhi au mchana iko kanisani, kwa hiyo sheria za kanisani hazijabadilika hata kama gauni la bibi harusi liko wazi mgongoni. Ndiyo maana utawaona wasimamizi wamevaa vikoti vya lesi wakati wa misa, na vikoti hivyo hamvioni tena ukumbini. Jioni ni sherehe, hapo mabega yanaruhusiwa kutoka na skuna zinaruhusiwa kulia sakafuni. Ukiwa na nguo moja tu, vaa ya kanisani, ujioni uongeze hereni na kilemba. Ukifanya kinyume chake utaishia na kanga ya kwenye kikapu.

Nyeupe mwachie bibi harusi. Watu wanadhani ni amri ya kanisa, siyo. Gauni jeupe lilipata umaarufu baada ya Malkia Victoria wa Uingereza kulivaa alipoolewa mwaka 1840, wengine wakafuata, likatufikia mpaka Babati. Bibi zetu waliolewa kwa mavazi ya ngozi yaliyoshonewa shanga, na nguo zilikuwa na heshima yake palepale. Mpaka leo barua ya posa ikijibiwa, kwenye orodha ya mahari hukosi blanketi la bibi na shuka la babu. Kumvisha mtu ni kumtambua. Hilo lishike, nitalirudia kwa njia nyingine.

Kitu cha pili usichovaa ni sare ya familia ambayo siyo yako. Ukiona kadi imeandika rangi, hiyo ni kwa wageni wote. Ukiona watu arobaini wamevaa kitenge kimoja, hao ni upande wa bibi au wa bwana harusi, na wamekilipia. Sendofu ina rangi yake, kicheni pati ina yake, harusi ina yake. Mtu wa karibu anajikuta anashona mara tatu ndani ya mwezi mmoja, na bado mchango wa kamati unamsubiri.

Dada yangu aliolewa mwaka jana mwezi wa nane, mbaazi zikivunwa. Kwenye kundi la WhatsApp la familia wakasema rangi achague yule wa chuo, anajua mambo ya kisasa. Nilifurahi jamani. Nikachagua damu ya mzee, kitenge chenye maua ya dhahabu, nimekiona dukani hapa mjini bumu lilipotoka. Yadi sita, ushonaji, kilemba na viatu vya kuendana: kwa hesabu yangu haikufika laki moja. Kwenye kundi watu wakaweka vidole gumba. Shangazi yangu, dada yake baba, hakuweka kitu. Ana simu ya kitochi. Aliambiwa kwa mdomo.

Huyo ndiye aliyenilipia daftari na sare za shule kidato cha kwanza mpaka cha nne.

Siku ya harusi nilimwona kanisani, benchi la mbele, amevaa kitenge cha WAWATA na wenzake wote wa jumuiya. Umoja huo wa wanawake Wakatoliki ulianzishwa mwaka 1972, ulitimiza miaka 50 mwaka 2022, na kitenge chake mama ananunua mara moja anakivaa miaka. Mke wa mwenye duka na mama wa kibarua wanakaa benchi moja, na kwa nguo huwezi kujua nani ni nani. Shangazi alikuwa ameng'aa. Aliimba, alipiga vigelegele, pete zilipovishwa alilia.

Ukumbini hakuwepo. MC aliita mashangazi wapite mbele, wakapita watatu wakicheza, wote damu ya mzee. Nikadhani amechelewa gari. Nilipokwenda nyuma kuomba maji nikamkuta kwenye masufuria, kanga mbili, moja kiunoni moja mabegani, anageuza pilau. Kitenge chake cha WAWATA kilikuwa kimekunjwa kwenye kapu. Nikamwambia, "Shangazi, mmeitwa mbele." Akasema, "Nenda mama, pilau litaungua." Sikuondoka. Akaendelea kukoroga, halafu akasema bila kuniangalia: "Jikoni hakuna anayeangalia nguo."

Wapishi walikuwa sita, wamelipwa. Pilau lisingeungua.

Mahubiri ya kuhusu nguo yana sehemu mbili zinazopendwa. Ya kwanza ni Mathayo 22, yule mtu aliyeingia harusini bila vazi la harusi akatolewa nje. Ya pili ni waraka wa Yakobo, sura ya 2, unaokemea kumpa kiti kizuri mwenye pete ya dhahabu na kumsimamisha maskini pembeni. Ile ya kwanza nimeisikia mara nyingi sana, hii ya pili mara moja. Shangazi hakutolewa na mtu. Alijitoa mwenyewe, kwa sababu rangi niliyoichagua mimi ilikuwa imeshamwambia hana nafasi, na aliniondolea mzigo wa kulisema.

Kwa hiyo mkiniuliza sasa harusi za kijijini watu wanavaa rasmi kiasi gani, jibu langu liko hivi. Aliye na kazi ndiye anayevaa kwa kazi yake: wasimamizi, wazazi, msomaji wa somo, kwaya. Wewe mgeni ukiwa msafi, umepiga pasi, umefunika panapofunikwa, umemaliza. Usiazime suti ya laki tatu ili ukakae meza ya kumi na mbili. Na ukiwekwa kwenye kamati, maana mtawekwa, kila familia siku hizi inamtafuta "yule wa chuo", kabla hujatuma picha ya kitenge kwenye kundi, hesabu kwanza wale wasio na simu ya kupokea picha hiyo. Rangi inaweza kuwa ya mtandio tu. Inaweza kuwa ya ua la kifuani. Inaweza kuwa ile ile ya harusi iliyopita.

Hiyo ya mwisho ndiyo niliyopendekeza juzi. Binamu yangu anaoa mwezi wa saba, na wamenirudishia kazi ile ile. Nikaandika kwamba mwenye damu ya mzee avae damu ya mzee, asiye nayo avae kitenge chochote alichonacho. Mmoja akatuma vikatuni vya kucheka. Mwingine akasema picha zitaonekana za kimaskini. Mabishano yalikwenda mpaka saa tano usiku, mpaka mweka hazina akaandika kwamba kwake ni sawa, fedha iende kwenye mchele.

Shangazi nilimpigia mwenyewe. Akauliza kama kile cha WAWATA kinafaa kuvaliwa ukumbini, nikamwambia kinafaa. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema mkono wa kushoto umeanza kufumuka, atakipeleka kwa fundi kabla foleni haijawa ndefu.