Usipunguze Upepo wa Tairi kwa Kuogopa Joto

Kila Desemba, watu wanapojiandaa kwenda Moshi, Bukoba au Mbeya kula sikukuu na wazee wao, naulizwa swali lile lile: "Fundi, nipunguze upepo kiasi gani ili tairi lisipasuke njiani kwa joto?" Nimelijibu hadi nimechoka, na bado kuna vijiwe vya pancha ambako dereva hupunguziwa upepo bila hata kuomba. Usipunguze hata kidogo. Tairi lenye upepo pungufu ndilo linalopasuka kwa joto.

Wanaoshikilia imani hii wana hoja moja ya kweli: hewa ikipata joto hutanuka. Lakini hutanuka kwa kiasi gani? Tairi la gari dogo lililojazwa psi 32 asubuhi, hewa yake ikipanda joto kwa nyuzi 30, hufika kama psi 37. Basi. Aliyetengeneza gari alilijua hilo kabla ya kuandika kipimo, ndiyo maana kipimo chake ni cha tairi lililopoa. Tairi zima halipasuki kwa psi 37.

Sasa lishushe hadi 26. Ubavu unalegea na kukunjika kila unapofika chini. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, tairi hilo huzunguka zaidi ya mara 800 kwa dakika, na kila mzunguko ubavu unakunjwa na kukunjuliwa. Chukua kipande cha waya, kikunje na kukikunjua haraka haraka, kisha gusa penye mkunjo: ndilo joto ninalolisema. Halitoki juani, linazaliwa ndani ya mpira wenyewe. Mpira unaachana na mikanda ya waya, kashata zinabanduka, tairi linapasuka, na jua la Dodoma linabebeshwa lawama.

Mwaka 2000 huko Marekani, kampuni ya Firestone ilirudisha matairi milioni 6.5 yaliyokuwa barabarani, mengi yakiwa kwenye Ford Explorer, baada ya kashata kubanduka na watu wengi kufa. Matairi yenyewe yalikuwa na kasoro, lakini kipimo kidogo cha psi 26 kilichopendekezwa kwa gari hilo nacho kilizua ubishi mkubwa. Sheria iliyotungwa mwaka huo huo ilidai magari yawe na kifaa cha kumwonya dereva upepo unapopungua. Unapopungua, si unapozidi.

Kibaya zaidi ni kupunguza katikati ya safari, tairi likiwa la moto. Likipoa usiku, kesho unaondoka na tairi pungufu huku ukiamini umelitunza. Wengine hunitajia madereva wa mbugani. Ndiyo, hao hupunguza kwenye mchanga, kwa mwendo mdogo, na hujaza tena kabla ya kurudi kwenye lami.

Basi fanya haya. Pima asubuhi, gari likiwa halijatembea. Fuata kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Magari mengi ya Japani hutumia kPa, na 220 ni sawa na psi 32. Namba kubwa iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni ukomo, si kipimo cha kujaza. Ukipakia familia na magunia, na kibandiko kikataja kipimo cha mzigo, ongeza. Usisahau spea tairi. Kashata zikiisha hadi kulingana na vile vinundu vya ndani ya mifereji, yaani milimita 1.6, badilisha. Ukinunua mawili tu, yafunge nyuma. Tarehe ya tairi ni tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Lililopita miaka 10 usilifunge, hata kama kashata zake ni nzima. La mtumba lisilosomeka tarehe liache dukani. Ubavu ukivimba au kupasuka hauzibwi. Tairi hilo ni la kutupa.

Na fundi akikupunguzia upepo "wa safari", mwambie aurudishe kabla hujawasha gari.