Bafa: Kukokotoa Ukolezi wa Asidi na Besi Mwenza

Bafa ni mmumunyo wenye asidi dhaifu pamoja na besi mwenza, yaani kile kinachobaki asidi ikishatoa protoni (H⁺). Ukiongeza asidi au besi kidogo, pH yake haibadiliki sana.

Maswali mengi hukupa pH, pKa na jumla ya ukolezi, kisha hutaka ukolezi wa kila kimoja. Usigawe jumla kwa mbili! Hilo ni sahihi tu pale pH inapolingana na pKa. Tumia mlinganyo wa Henderson-Hasselbalch:

pH = pKa + log([besi]/[asidi])

Kumbuka: mlinganyo huu hukupa uwiano tu. Ili upate ukolezi wenyewe, lazima uunganishe uwiano na jumla.

Mfano

Damu ina pH 7.4. Bafa yake kuu ni CO₂ iliyoyeyuka (asidi) na HCO₃⁻ (besi mwenza), pKa 6.1. Ikiwa jumla yake ni 25.2 mmol/L, tafuta ukolezi wa kila kimoja.

Hatua ya 1: Uwiano.
log([besi]/[asidi]) = 7.4 − 6.1 = 1.3
[besi]/[asidi] = 10^1.3 ≈ 20

Hatua ya 2: Jumla.
Asidi iwe x, basi besi ni 20x.
21x = 25.2, hivyo x = 1.2

Jibu: CO₂ = 1.2 mmol/L; HCO₃⁻ = 24 mmol/L.

Hakiki: 24 + 1.2 = 25.2, 24 ÷ 1.2 = 20.

Matumizi

Hapa Murusagamba, kama kwingine mkoani Kagera, malaria si ngeni. Malaria kali huweza kuongeza asidi ya laktiki katika damu, nayo H⁺ yake hupunguza HCO₃⁻. Tuseme HCO₃⁻ imeshuka hadi 12 na CO₂ imebaki 1.2. Uwiano ni 10, hivyo pH = 6.1 + 1 = 7.1. Hiyo ni hatari kwa maisha.

Mwili hujitetea kwa kupumua haraka na kwa kina ili kutoa CO₂. CO₂ ikishuka hadi 0.8, uwiano huwa 15 na pH hupanda hadi karibu 7.3. Kwa hiyo mtoto mwenye homa anayehema hivyo awahishwe kituo cha afya. Bafa yake inaelekea kuzidiwa.

Zoezi

Bafa ya asidi ya ethanoiki (pKa 4.76) ina pH 5.06 na jumla ya ukolezi 0.30 mol/L. Kokotoa ukolezi wa asidi na wa besi mwenza.

(Jibu: asidi 0.10 mol/L, besi 0.20 mol/L)