Namna ya kutuliza bastola ya mashindano

MVUVI wa kisiwa cha Remba, Ziwa Victoria, anajua kwamba injini ya boti ikiongezwa kasi ghafla, omo huinuka. Injini husukuma kutoka chini, ilhali uzito mwingi wa chombo uko juu yake. Katika bastola mambo hupinduka, lakini matokeo ni yale yale: mtutu hukaa juu ya mkono unaoushika, hivyo risasi inapotoka mdomo hupaa, na mlengaji hupoteza muda akiurejesha.

Katika mashindano ya IPSC, chama kilichoundwa Marekani mwaka 1976, kitengo cha Open huruhusu kompenseta. Hiki ni kifaa chenye matundu upande wa juu, kinachofungwa mwishoni mwa mtutu. Gesi ya baruti hufoka kwenda juu, nayo hukandamiza mdomo chini.

Hata hivyo, pasipo gesi ya kutosha kifaa hicho hakifui dafu. Ndiyo maana washindani wengi huchagua risasi nyepesi yenye kasi. Risasi ya greni 124 kwa futi 1,300 kwa sekunde, na ya greni 147 kwa futi 1,100, zote hupita kiwango cha 160 cha daraja la Major, yaani uzito mara kasi, ukigawanya kwa 1,000. Lakini ile nyepesi huhitaji baruti nyingi zaidi, hivyo hutoa gesi zaidi.

Mshiko nao uwe juu kabisa mpinini. Anayefunga kompenseta kisha akatumia risasi hafifu, amenunua uzito tu.