Komoni ya Kilosa na Mikumi: onja kwanza, ndio unywe

Wadau, kule Ubelgiji kuna bia inaitwa saison, yaani "msimu". Zamani ilipikwa mashambani, mkoa wa Hainaut, wakati wa baridi, ikatunzwa mpaka kiangazi ili vibarua wapate cha kukatia kiu. Kila shamba na mapishi yake. Leo inauzwa kwa chupa, mpaka nyeusi ipo, na watu wanainusa kwenye glasi kabla ya kuinywa.

Sasa tuje nyumbani. Ndugu yake kwetu ni komoni, nayo pombe ya vibarua. Mkonge wa Kimamba na Rudewa, halafu miwa ya Kilombero huko chini ya Mikumi, vilileta watu wa Iringa, Njombe na Mbeya, na kila mtu alikuja na mapishi ya kwao.

Ile rangi inatoka wapi? Unga wa mahindi unalowekwa siku kadhaa mpaka uchachuke, halafu unakaangwa kwenye bati mpaka uwe kahawia. Pembeni kuna kimea: ulezi unalowekwa, unaota, unaanikwa, unasagwa. Kimea kinageuza wanga kuwa sukari, hamira inakula sukari na kutoa kilevi na gesi. Ndio maana leo ni tamu, kesho kali, keshokutwa chachu tupu. Ya Mbelgiji inakaa zaidi kwa sababu ina maua ya hopsi yanayozuia bakteria, halafu imefungwa kwenye chupa.

Namna ya kuonja:

1. Angalia. Kahawia, nzito kama uji mwepesi, na mapovu yanapanda. Hapo iko hai.

2. Nusa. Utapata mahindi ya kuchoma na uchachu kama wa togwa. Ikinuka siki, imepita. Ikinuka spiriti, weka kopo chini.

3. Funda moja, litulize mdomoni. Uchachu kwanza, kisha uchungu kidogo wa kuungua, mwisho chengachenga za ulezi. Ikikuunguza koo, ujue imeongezewa kitu. Pombe ya kuchachuka tu haiunguzi koo. Inaweza kuwa gongo, ambayo sheria imeikataza, au methanoli, ambayo inapofusha na kuua.

Lakini kuna kitu ulimi haukioni: sumukuvu. Mwaka 2016 huko Dodoma na Manyara watu wapatao 20 walikufa kwa mahindi yenye sumu hiyo ya ukungu. Kukaanga hakuimalizi, kuchemsha hakuimalizi, kuchachusha pia. Na ukila kidogo kidogo miaka na miaka, inaleta saratani ya ini, ini lilelile linalohangaika na pombe. Sasa wewe si umeshasikia mtu akisema, "Mahindi haya yameharibika, pelekeni kwenye pombe"? Hapo ndipo tunapouana.

Kwa hiyo muulize mama mpishi, kwa heshima: "Mama, mahindi ya wapi haya?" Anayechagua punje safi atakujibu bila kigugumizi, na huyo anastahili mia mbili ya ziada, maana anasomesha watoto kwa kazi hiyo.

Chini ya miaka 18, soma tu. Na wewe wa bodaboda unayekatiza lami ya hifadhini Mikumi, kule tembo wanavuka bila kupiga honi. Baki na togwa.

Kwenu mnaipikaje? Tupieni maoni.