Neno na Jirani Zake: Msamiati wa Kiingereza katika Mtihani wa GRE

Miongoni mwa Waafrika Mashariki wanaoomba nafasi za shahada ya uzamili au ya uzamivu katika vyuo vikuu vya Marekani, wapo ambao idara wanazoziomba bado huwataka wafanye mtihani unaojulikana kwa herufi GRE, ulioanza mwaka 1936 kama jaribio la Wakfu wa Carnegie na vyuo vikuu vinne, yaani Harvard, Yale, Princeton na Columbia, kabla ya kukabidhiwa taasisi ya ETS inayousimamia hadi leo. Idara nyingi zimeuacha katika miaka ya karibuni na nyingine zimeufanya kuwa wa hiari, hivyo mwombaji hana budi kuthibitisha kwanza kama unahitajika. Lakini pale unapohitajika, sehemu ya lugha ndiyo inayowatisha wengi wa waliosoma kwa Kiswahili utotoni. Mtihani huu si ndugu wa TOEFL wala IELTS, ambayo hupima kama mtu ambaye Kiingereza si lugha yake ya kwanza anaweza kukitumia masomoni. GRE huchukulia kwamba Kiingereza kipo tayari, na hupima jinsi msomaji anavyoifuata hoja iliyoandikwa kwa lugha hiyo.

Tangu Septemba 2023, mtihani ulipofupishwa ukawa wa muda usiofika saa mbili, sehemu ya lugha ina maswali 27 yanayojibiwa kwa dakika 41, yakiwa yamegawanywa katika mafungu mawili, la kwanza la maswali 12 kwa dakika 18 na la pili la maswali 15 kwa dakika 23, na ugumu wa fungu la pili hutegemea jinsi mtahiniwa alivyofanya katika la kwanza. Alama hutolewa kati ya 130 na 170, na jibu lisilo sahihi halipunguzi alama, kwa hiyo kuacha swali bila kulijibu ni hasara tupu. Maswali yenyewe ni ya aina tatu: ufahamu, ambapo mtahiniwa husoma kifungu kifupi cha sayansi, historia au sanaa na kujibu kwa kutegemea yaliyomo humo tu, ujazaji wa mapengo, ambapo sentensi moja au zaidi huachwa na pengo moja hadi matatu, na anayekosea pengo moja hukosa swali zima, na ulinganifu wa sentensi, ambapo pengo ni moja, maneno ya kuchagua ni sita, na yanayotakiwa ni mawili yanayoipa sentensi maana ileile.

Watahiniwa wengi hujiandaa kwa kukariri orodha ndefu za maneno magumu, na desturi hiyo ina asili yake. Hadi mwaka 2011 mtihani ulikuwa na maswali ya vinyume, ambapo neno lilisimama peke yake na mtahiniwa akatakiwa kuchagua kinyume chake, na maswali ya mlingano, yaliyotaka jozi mbili za maneno zenye uhusiano wa aina moja. Neno lililoulizwa kwa namna hiyo halikuwa na jirani wa kulisemea, na asiyelijua hakuwa na pa kushika. Mageuzi ya Agosti 2011 yaliyaondoa maswali hayo ya aina zote mbili na kila neno likarudishwa ndani ya sentensi, lakini orodha hazikuondoka pamoja nayo. Zilihamia kwenye programu za simu, na hadi leo hutangazwa kana kwamba mtihani ni uleule wa zamani.

Mfano mmoja wa ulinganifu wa sentensi unaweza kuonyesha tofauti hiyo. Tuseme sentensi ya Kiingereza inaeleza kwamba hotuba ya waziri, ingawa ilikuwa fupi, haikuwa hata kidogo ya sifa fulani, kwani kila aya yake iliibua suala ambalo wabunge walilijadili kwa wiki nzima. Mahali pa sifa hiyo pameachwa pengo, na maneno ya kuchagua ni “terse”, “vacuous”, “eloquent”, “laconic”, “provocative” na “insubstantial”. Aliyekariri orodha huona mara moja kwamba “terse” na “laconic” ni maneno ya maana moja, yote yakihusu usemi mfupi, na kwa kuwa sentensi imetaja ufupi, huyachagua na kusonga mbele akiwa ameridhika. Aliyeisoma sentensi huanzia kwingine. Huona kwamba kabla ya pengo kuna ukanushaji, kwamba baada yake kuna sababu, na kwamba sababu hiyo inahusu uzito wa hotuba wala si urefu wake. Kisha, kabla hata ya kuyatazama machaguo, hujaza pengo kwa neno lake mwenyewe, ambalo laweza kabisa kuwa la Kiswahili: hotuba haikuwa tupu. Akiwa na “tupu” mkononi, huyatambua “vacuous” na “insubstantial” bila taabu, na jozi ya ufupi huonekana ilivyo, yaani mtego uliowekwa kwa ajili ya mtu anayejua maneno bila kusoma. Wapo walimu wanaowakataza wanafunzi kufikiri kwa Kiswahili wakati wa mazoezi, wakidhani kwamba wanawasaidia. Katika hatua hii ya kujaza pengo, katazo hilo humnyima mtahiniwa chombo anachokimudu kuliko vyote.

Tena, maneno mageni siyo yanayopoteza alama nyingi zaidi. Ni hatari zaidi neno ambalo mtahiniwa ana hakika kwamba analijua. Mwanafunzi wa Tanzania, ambaye kwa kawaida huanza kufundishwa masomo yake mengi kwa Kiingereza anapoingia kidato cha kwanza, hulijua “qualify” kwa maana ya kufuzu, “check” kwa maana ya kukagua, “arrest” kwa maana ya polisi kumkamata mtu, “flag” kwa maana ya bendera, na “want” kwa maana ya kutaka. Katika maandishi ya hoja, “qualify” ni kuiwekea kauli mipaka ili isidai zaidi ya ushahidi uliopo, “check” ni kuzuia, “arrest” ni kusimamisha jambo lililokuwa likiendelea, kama vile kuoza kwa mbao, “flag” ni kulegea, kama shauku inavyolegea, na “want” ni upungufu. Na “sanction” huweza kuwa ruhusa au adhabu, kutegemea sentensi. Hali hii isingepaswa kumshangaza Mswahili, ambaye akisikia “kaa” hupambanua bila kusita kama ni kuketi, kuishi mahali, kipande cha moto au mnyama wa ufukweni, kwa kutazama tu maneno yaliyolizunguka. Ustadi anao tayari. Kinachokosekana ni ile shaka ya kumfanya autumie katika lugha ambayo alifundishwa kila neno na tafsiri yake moja.

Jambo hilohilo huonekana katika mizizi ya maneno. Msomaji wa Kiswahili anajua kwamba kitabu, katibu, maktaba na mkataba vimetoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu unaohusu kuandika, na kwa jicho hilohilo anaweza kuona kwamba “loquacious”, “eloquent” na “circumlocution” yote yana kitenzi cha Kilatini cha kusema, la kwanza likihusu mtu mwenye maneno mengi, la pili ufasaha, na la tatu mzunguko wa maneno usiofika kwenye jambo. Njia hii huokoa muda, ila neno kitabu lenyewe linatoa onyo: “ki” ya mwanzo ni sehemu ya mzizi wa Kiarabu, lakini sikio la Kibantu liliisikia kama kiambishi cha ngeli, na hivyo vikazaliwa vitabu. Jicho linalozoea viambishi huviona hata pasipokuwepo. Ndivyo mtahiniwa anavyosoma “restive” akidhani ni utulivu ilhali ni kutotulia, au “noisome” akidhani ni kelele ilhali ni uvundo, au “enervate” akidhani ni kutia nguvu ilhali ni kuziondoa.

Ugumu mwingine, ambao vitabu vya mazoezi huugusa kwa haraka mno, umo katika maneno madogo. “Anything but” humaanisha sivyo kabisa, ilhali “nothing but” humaanisha ni hivyo tu. “While” huweza kuwa “wakati” au “ingawa”. Na sifa iliyokanushwa mara mbili, kama inapoelezwa kwamba athari ya jambo si isiyo na maana, hugeuza mwelekeo wa aya nzima. Hakuna orodha ya maneno magumu inayoyataja, kwa sababu hakuna anayeyahesabu kuwa magumu.

Kuhusu wingi wa maneno yanayohitajika, mtafiti Paul Nation alikadiria mwaka 2006 kwamba msomaji huhitaji familia za maneno 8,000 hadi 9,000 ili ajue asilimia 98 ya maneno ya riwaya au gazeti la Kiingereza, familia ikiwa ni neno pamoja na vizalia vyake, kama soma, somo, msomaji na usomaji. Idadi kubwa kiasi hicho haipatikani kwa kadi za kukariri maneno peke yake. Hujengwa kwa kusoma makala ndefu za sayansi, uchumi na tahakiki, kwa utaratibu wa kusimama baada ya kila aya na kujiuliza mwandishi anadai nini, anampinga nani na ameegemea nini. Kadi zina kazi nyingine, ya kuzuia kilichopatikana kisipotee, na hapo utafiti uko wazi: Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885 kwamba usahaulifu huenda kasi mwanzoni kisha hupungua, na mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha kwamba wanafunzi waliojipima kwa kukumbuka walichosoma walikuwa nacho kwa wingi zaidi baada ya wiki moja kuliko waliorudia kusoma, ingawa baada ya dakika tano waliorudia ndio waliokuwa mbele. Mwenye kusoma orodha mara kumi usiku mmoja hudanganywa na zile dakika tano. Kadi yenye manufaa huandikwa sentensi nzima yenye pengo, ili kinachokumbukwa kiwe neno likiwa kazini, na hurudiwa kwa vipindi vinavyozidi kurefuka, yaani baada ya siku moja, siku tatu, wiki, kisha mwezi.

Majaribio kamili yana nafasi yake mwishoni. ETS hutoa bila malipo majaribio mawili ya POWERPREP, ambayo hufanana na mtihani halisi kwa muda na kwa sura, na ambayo wengi huyamaliza katika wiki ya kwanza kwa haraka ya kujua alama zao. Ni afadhali la kwanza lifanywe takriban mwezi mmoja kabla ya mtihani na la pili wiki moja kabla, na baada ya kila moja kila kosa liandikwe pamoja na chanzo chake: neno lisilojulikana, neno lililojulikana kwa maana nyingine, ukanushaji uliorukwa, au muda uliokwisha. Daftari la namna hiyo likionyesha kwamba maneno yasiyojulikana ni machache kuliko makosa mengine, saa zilizokuwa zimetengewa orodha huweza kuhamishiwa kwenye vifungu.