Muhina: Damu ya Puani na Wakati wa Kumwendea Tabibu

Miongoni mwa mambo yatishayo nyumbani ni mtu kutokwa na damu puani, maradhi yaitwayo muhina. Kwa kuwa hofu ndiyo iwafanyayo watu wakosee matibabu, twapenda kuwaeleza wasomaji wetu asili ya jambo hili na mpaka wake.

Ndani ya pua, upande wa mbele wa ukuta utenganishao matundu mawili, imekusanyika mishipa myembamba chini ya ngozi laini sana. Mafua, kidole cha mtoto, au kupenga kwa nguvu hutosha kuipasua. Muhina mwingi hutoka hapo, nao hukoma pasipo madhara.

Desturi ya wengi ni kumlaza mgonjwa chali au kumwinua uso juu. Desturi hii yafaa iachwe, maana damu haikomi bali hugeuza njia, ikateremkia kooni na tumboni, ikamtapisha. Na aliyefunga huimeza pasipo kutaka. Na aketi, ainame mbele, abane sehemu laini ya pua kwa vidole viwili, apumue kwa kinywa, na damu iliyo kinywani aiteme. Asiachie kutazama hata zitimie dakika 10 au 15 kwa saa. Ikikoma, asipenge wala asichokoe pua siku ile, na katika udhu apandishe maji puani kwa upole.

Lakini damu isiyokoma kwa nusu saa ingawa pua imebanwa, au imiminikayo kwa wingi, au itokayo baada ya pigo la kichwa, au iliyofuatana na kizunguzungu, hiyo si ya kungojwa nyumbani. Kadhalika mtoto wa chini ya miaka 2, atumiaye dawa za kuzuia damu isigande, na yule ambaye muhina humrudia mara kwa mara, hao wote waonwe na tabibu.

Kibaha mjini ipo hospitali ya Tumbi, na Kisarawe mjini ipo hospitali ya wilaya. Ama aliye mbali, kama Maneromango, asihesabu saa kama mtu wa mjini. Dakika 15 zikipita na damu yatoka, na itafutwe gari mara moja, na mgonjwa achukuliwe hali ameketi, ameinama, na pua yake imebanwa njia nzima.